Karani yuko msibani, cheo chapanda ofisini!

Kama umepata kivuli cha kukaa na gazeti lako, na soda iko mkononi, basi mambo si mabaya. Leo nawaomba radhi mnaosubiri habari za mapenzi na mitindo ya nywele, hayo tutayarudia. Leo nina sentensi moja tu ya kujadili, sentensi ambayo siku hizi inafukuzisha watu kazi. Nayo ni hii: "Kompyuta haidanganyi."

Umewahi kuisikia? Nenda ofisi yoyote ulalamike kwamba bili yako imezidi. Utaambiwa ndivyo kompyuta inavyosema, na mjadala umefungwa. Zamani ukibishana na karani mlikuwa watu wawili mnabishana. Sasa hivi karani anakugeuzia kioo cha kompyuta, ubishane nacho wewe!

Mimi nakubali, kompyuta haidanganyi. Lakini jamani, kompyuta haioni! Inajua jina lililoingia, haijui ni mkono wa nani ulioliandika jina hilo. Kwa tofauti hiyo ndogo dada yangu aliitwa mwizi mji mzima wa Kyela, kuanzia sokoni mpaka stendi.

Kwa ambao hamjafika kwetu, Kyela ni kule chini kabisa mkoa wa Mbeya, ukimaliza kuteremka milima ya Tukuyu joto linakupokea, halafu unakutana na Ziwa Nyasa. Ng'ambo ya mto Songwe ni Malawi. Kakao ipo, mawese yapo, samaki aina ya mbasa yupo, lakini sifa yetu kubwa ni mchele. Ule unaonukia mpaka jirani anajua leo kwako kuna nini. (Ingawa nawaambieni ukweli, mchele mwingine mnaouziwa Dar kwa jina la Kyela haujawahi kuliona ziwa hata kwa picha.)

Sasa basi. Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa karani katika kampuni moja inayonunua mpunga kwa wakulima, inakoboa na kusafirisha. Jina la kampuni tuliache. Kazi yake ilikuwa dirisha la mizani. Mkulima analeta magunia, yanapimwa, Dada anaandika kwenye kompyuta jina, kilo na bei. Basi, kazi yake imeishia hapo. Mhasibu ndiye anayefungua ukurasa wake, anakagua na kuidhinisha, kisha fedha inakwenda kwenye simu ya mkulima.

Programu hizi siyo za kuandikia barua. Ni zile zinazobeba kampuni nzima kwenye tumbo moja: stoo, manunuzi, mishahara, madeni, benki. Halmashauri zetu kwa miaka mingi zilitumia moja inayoitwa Epicor kabla ya kuhamia MUSE. Wajerumani wana SAP, Wamarekani wana Oracle, na Microsoft nao wana ya kwao. Ndani ya programu kila mtumishi ana cheo chake. Karani anaandika, mhasibu anaidhinisha, meneja anatazama vyote, na kuna bwana mkubwa wa mfumo ambaye anagawa vyeo. Ukiwa karani, kitufe cha kuidhinisha hukioni kabisa. Kwa macho mambo ni salama kabisa.

Juni mwaka 2024, mavuno yamepamba moto, bibi yetu mzaa mama akafariki. Bibi alikuwa mfinyanzi kule Ikombe, kijiji cha Wakisi, wale akina mama wanaotengeneza vyungu unavyoviona Matema. Kufika Ikombe unakwenda Matema kwanza, halafu unachukua mtumbwi au unatembea kandokando ya ziwa, kwa sababu milima ya Livingstone imeshuka mpaka majini na barabara haina pa kupita. Dada akaomba ruhusa, akapewa siku nne kwa maandishi. Tukaenda wote. Nilikuwepo, na ninavyowaambieni hivi nimeyaona kwa macho yangu: usiku wa pili, saa saba usiku, Dada alikuwa jikoni nje, kanga kiunoni, anageuza sufuria la maharage ya waombolezaji. Simu yake ilikuwa imezimika tangu mchana.

Tuliporudi Kyela, Dada alikuta barua mezani. Asimame kazi, bila mshahara, kwa tuhuma za wizi. Katika siku alizokuwa msibani, malipo manane yalikwenda kwa wakulima wanane ambao hakuna mtu aliyewahi kuwaona wala magunia yao. Aliyeyaandika malipo yote, jina la Dada. Aliyeyaidhinisha malipo yote, jina la Dada!

Dada akamwambia meneja, "Bosi, mimi sina uwezo wa kuidhinisha. Kitufe chenyewe sijawahi kukiona."

Meneja akamjibu, "Kompyuta haidanganyi."

Dada akasema, "Bosi, nilikuwa Ikombe nazika. Waulize watu."

Meneja akasema watu wa msiba ni ndugu zake, lazima watamtetea.

Msomaji wangu, hebu niambie. Waombolezaji wote wale, mchungaji akiwemo, ni waongo. Mstari mmoja kwenye kioo ndio mkweli. Na Kyela mji wenyewe ni mdogo. Jioni ile ile habari ilikuwa imefika sokoni. Mama mkubwa anauza ndizi za mbalaga pale, akasikia kwa wateja wake mwenyewe kwamba binti yake kaiba fedha za wakulima. Tena wakulima! Kwetu mtu akiiba cha tajiri watu wanaweza kucheka, lakini jasho la mkulima wa mpunga, aliyesimama kwenye tope toka alfajiri, hilo halina mzaha. Mtoto wa Dada, darasa la nne, akarudi shuleni analia. Mama mkubwa akaacha kwenda sokoni wiki mbili.

Kilichomwokoa Dada hakikuwa huruma ya mtu. Kampuni ilitaka kujua fedha imepotea kiasi gani, ikamwita fundi wa kompyuta kutoka Mbeya mjini. Kijana mmoja mpole, ana begi mgongoni, hata chai hakunywa. Meneja alimtaka ahesabu hasara tu. Yeye akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: "Huyu dada ni karani. Sasa cheo cha kuidhinisha alipewa na nani?"

Kimya!

Akafungua kumbukumbu za mfumo, yaani lile daftari la siri ambamo programu inaandika kila kilichotendeka. Akakuta kwamba usiku wa pili wa msiba, saa saba na dakika kadhaa, jina la Dada lilipandishwa kutoka ukarani mpaka ngazi ya mwidhinishaji. Na aliyelipandisha ni nani? Jina la Dada lenyewe! Yaani karani kajipandisha cheo mwenyewe, usiku wa manane, huku yuko Ikombe anageuza maharage.

Meneja akasema, "Unaona? Ni yeye!"

Fundi akasema, "Subiri mzee." Akatengeneza jina jipya la majaribio, la cheo cha chini kabisa, chini hata ya karani. Akaingia nalo. Kwenye kioo hakuna kitufe cha kuidhinisha wala cha kupandisha vyeo, kama kawaida. Halafu bila kugusa kitufe chochote akatuma ombi moja kwa moja kwa ile kompyuta kubwa inayotunza mambo yote, seva, maneno yale yale ambayo kitufe cha bwana mkubwa wa mfumo kingeyatuma. Seva ikajibu: sawa. Lile jina la majaribio likawa bosi. Meneja, Dada aliniambia, alivua miwani akaifuta, akaivaa tena.

Tatizo lilikuwa hivi. Programu ilikuwa inaficha vitufe ili mtu mdogo asivione, lakini ombi likifika kwenye seva, yenyewe haiulizi, "Wewe una cheo gani hata uombe hili?" Ni sawa na mtu kufunika mlango wa stoo kwa pazia badala ya kuufunga kwa kufuli. Asiyejua kama kuna mlango anapita zake, ila anayejua anasogeza pazia na kuingia. Watu wa kompyuta duniani wana jina la ugonjwa huu, kwa Kiswahili chetu tuuite tundu la kujipandisha madaraka. Waliotengeneza programu walikwisha kuligundua tundu na kutoa kiraka chake miezi kadhaa kabla. Kiraka kilitakiwa kuwekwa. Ofisini wakasema mfumo unafanya kazi, usiuguse, tuko kwenye msimu.

Utauliza, huyo mtu alipataje kuingia kwa jina la Dada? Rahisi. Ofisi ile ilikuwa na amri kwamba paswedi za wafanyakazi wote ziandikwe kwenye daftari moja, eti ili mtu akiumwa kazi zisisimame. Daftari lilikaa kwenye droo isiyofungwa. Aliyefanya dili alilitafuta jina la mtu aliye mbali, asiye na simu inayopatikana, akalipata. Na zile kumbukumbu zikaonyesha kompyuta iliyotumika haikuwa ya dirisha la mizani. Ilikuwa ya chumba cha ndani ambacho Dada hakuwahi kupewa ufunguo wake. Aliyekaa kwenye kiti kile wanaohusika wanamjua, mimi si hakimu, simtaji.

Hapa nawakumbuka wazee wetu wa Kinyakyusa. Enzi zao kulikuwa na ubusoka, sherehe kubwa ya kukabidhi utawala kwa watoto wa chifu na rika lao. Ilifanyika hadharani, nchi nzima inashuhudia. Hakuna mtu aliyelala kijana wa kawaida akaamka chifu bila watu kujua. Madaraka yalikuwa na mashahidi. Sisi wa leo, wenye kompyuta, tumekubali cheo kitolewe gizani halafu asubuhi tunamkamata aliyeandikwa jina!

Msidhani haya ni ya kampuni ya mpunga huku shamba tu. Mwaka 2015 wenzetu wa Kenya walipata kasheshe ya taasisi yao ya vijana, NYS, ambapo shilingi za Kenya milioni 791 zilitajwa kulipwa kwa njia ya udanganyifu kupitia mfumo wa malipo wa serikali unaoitwa IFMIS. Bishano mojawapo kubwa likawa ni paswedi. Ofisa mmoja mkubwa alisema yake ilitumiwa na wengine kuidhinisha malipo ambayo hayajui. Swali ni lile lile la Dada, jina ni la fulani, je, mkono?

Uganda nako, Novemba 2024, serikali ilikiri bungeni kwamba fedha zimechotwa kutoka akaunti za Benki Kuu yao. Mwanzoni watu wakasema ni wadukuzi wa nje, vijana fulani wako mbali huko wanabonyeza. Mwaka 2025 waliofikishwa mahakamani wakawa ni maofisa wa wizara ya fedha yenyewe, akiwemo Mhasibu Mkuu wa Serikali, kwa mashitaka yanayogusa shilingi za Uganda kama bilioni 60. Fedha zilikuwa za kulipia madeni ya nchi kwa Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mashitaka siyo hukumu, hilo tuwaachie mahakimu. Ninachosema ni kwamba watu wanapenda kumtafuta mwizi wa mbali, kumbe swali la kwanza lilipaswa kuwa ni nani ndani ana uwezo gani.

Na hao wakubwa wa dunia je? Julai 2020 SAP ya Ujerumani ilitoa kiraka cha tundu lililopewa alama 10 kati ya 10 kwa ubaya. Lenyewe lilikuwa baya kuliko la kwetu, kwani mtu wa nje kabisa, asiye na jina wala paswedi, aliweza kujitengenezea jina jipya na kujipa cheo cha juu kuliko wote. Kampuni ya Onapsis iliyoligundua ilikadiria kwamba wateja wapatao 40,000 wangeweza kuguswa. Mwaka 2024 Microsoft nao wakatangaza kasoro kwenye programu yao ya biashara ya Business Central, iliyomwezesha mtu aliyekwisha kuingia kihalali kupanda kuliko cheo chake. Oktoba 2025 ikawa zamu ya Oracle, ambapo wahuni waliingia kwenye mifumo ya kampuni mbalimbali, wakachota data na kuanza kudai mshiko ili wasiitangaze. Sasa kama hao wenye majengo ya vioo wanatoboka, kampuni ya Kyela inapata wapi ujasiri wa kusema kompyuta haidanganyi?

Tuje kwenye yanayokuhusu wewe, kijana mwenzangu uliyepata kazi ya ofisini juzi na unajidai na kitambulisho shingoni.

Kwanza, paswedi yako ni sahihi yako. Bosi akikulazimisha kuiandika kwenye daftari la ofisi, usigombane naye, mwandikie barua ya heshima kwamba umetekeleza kwa agizo lake, baki na nakala. Dada alikuwa na nakala ya ruhusa yake ya msiba. Karatasi ile moja ilikuwa na nguvu kuliko machozi ya mama mkubwa.

Pili, ukiona kwenye kompyuta yako kitufe ambacho jana hakikuwepo, usifurahi kwamba umepandishwa cheo kimyakimya. Cheo cha kweli kinakuja na barua na nyongeza ya mshahara. Toa taarifa siku hiyo hiyo, kwa maandishi. Na ninyi masela mnaojifunza kompyuta, msije mkasema mnajaribu tu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inasema kuingia kwenye mfumo bila ruhusa ni kosa, hata kama hukuchukua senti.

Tatu, ikitokea umesingiziwa, usiishie kubisha kwamba siyo wewe. Omba kumbukumbu za mfumo kwa maandishi. Uliza nani aliidhinisha, halafu uliza nani alimpa cheo cha kuidhinisha, saa ngapi, na kutoka kompyuta ipi. Maswali hayo ndiyo yaliyomsafisha Dada. Tena ujue kwamba mwajiri akikusimamisha kupisha uchunguzi, kanuni za ajira zinataka uendelee kupata mshahara wako wote. Na ukiachishwa kazi kwa uonevu, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo, lakini una siku 30 tu za kupeleka shauri lako. Ukizimaliza unalia nyumbani, imekula kwako.

Nne ni ya mabosi, najua mnasoma kwa kuibia. Anayeandika malipo asiwe ndiye anayeidhinisha, na programu ikikubali mtu mmoja afanye yote mawili, basi huyo siyo karani mwizi, huyo ni mfumo mbovu. Kiraka kikitoka kiwekwe, hata kama ni msimu. Mpunga unaweza kusubiri saa mbili. Jina la mtu likishachafuka halisubiri.

Dada alirudishiwa kazi yake kwa barua ya mistari miwili, ya kuomba radhi hakuna hata mmoja. Akagoma kusaini mpaka mshahara wa siku alizokaa nyumbani umelipwa, akataja ile Tume, ukalipwa ndani ya wiki. Wengi walidhani ataacha kazi kwa hasira. Hakuacha, ana mtoto wa kusomesha. Lakini sokoni hadi leo wapo wanaosema, "Yule si ndiye aliyeiba fedha za wakulima?" Barua ya kumsafisha ilisomwa na watu watatu ofisini. Neno mwizi lilisikiwa na mji mzima, na hakuna programu iliyokwisha kutengenezwa ya kulifuta neno hilo midomoni mwa watu.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, siku ukisikia mtu kaambiwa ameiba kwa sababu kompyuta imesema, usiwe wa kwanza kulipeleka sokoni. Uliza kwanza cheo alipewa na nani.